Uyoga wa pori kwa karanga: mwongozo kwa anayeanza kupika Tabora

Mvua za kwanza zikishashika Tabora, Novemba hivi, maswali nayo huanza. Huyu amehamishiwa kazi Sikonge, amenunua ndoo ya uyoga barabarani na hajui aanzie wapi. Yule ameolewa huku kutoka pwani, mama mkwe kasema leo tupikie uyoga, naye kwao uyoga hajawahi hata kuushika. Mwingine alishapika, ukawa na mchanga, wageni wakala kwa heshima tu. Nimejibu haya kwa mdomo miaka mingi, mtu mmoja mmoja, na majibu ni yale yale. Nimeona niyaweke pamoja, taratibu, ili mtu apike huku anasoma.

Chakula chenyewe ni uyoga wa pori kwa karanga za kutwanga, wa kuliwa na ugali. Wapo wanaouona uyoga kuwa mboga ya siku nyama ilipokosekana. Mimi siafikiani nao kabisa. Ukiupika sawasawa, hakuna mtu mezani atakayeulizia nyama. Siri yake ni maji. Uyoga una maji yake mwenyewe, na maji hayo ndiyo mchuzi. Anayeyamwaga bila sababu, au anayemimina ya bomba juu yake, ameshapoteza nusu ya ladha kabla hajakata kitunguu.

Uyoga upi ununue

Tuanze na lililo zito. Mwongozo huu ni wa kupika, si wa kuokota. Kuokota uyoga hakufundishwi kwa maandishi wala kwa picha ya simu. Hufundishwa kwa kutembea porini na mtu aliyefundishwa na bibi yake, masika baada ya masika, uyoga wenyewe ukiwa mkononi. Kama hujapita huko, nunua.

Nunua kwa mtu anayeuza mahali pale pale kila mwaka na ambaye nyumbani kwake wanakula kile anachouza. Kwenye barabara ya Sikonge na ile ya Urambo utawaona akina mama na watoto wamepanga ndoo, sado na mafungu, hasa asubuhi. Muulize mambo matatu: huu unaitwaje, umeokotwa lini, na ninyi mnaupikaje. Swali la tatu ndilo la maana zaidi, kwa sababu kuna uyoga ambao lazima uchemshwe kwanza na maji yake yamwagwe, na kuna ambao ukimwaga maji yake umeuharibu. Muuzaji anajua. Siku moja nilikuwa nimechuchumaa mbele ya ndoo ya mama mmoja, akichagua huku tunaongea. Akaugeuza uyoga mmoja, akatazama chini ya kofia, akakwangua shina kwa ukucha, kisha akautupa majanini nyuma yake. Nikamuuliza una nini. Akanijibu, "Huu siujui vizuri, mwanangu." Mtu aliyeokota uyoga tangu utoto wake anatupa ule anaoutilia shaka. Sisi wanunuzi tutabahatisha kwa lipi?

Aina utakazokutana nazo sana ni mbili. Ya kwanza ni ule mdogo wa njano au wa rangi ya chungwa inayokaribia wekundu, wenye umbo la faneli. Chini ya kofia hauna vipande vyembamba kama kurasa za kitabu, bali mikunjo minene inayoshuka mpaka kwenye shina. Huota katika miombo, umeshikamana na mizizi ya miti, ndiyo maana haujalimika shambani. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa au kukaushia tumbaku, uyoga wake nao umekwenda, na hilo huniuma kila ninapopita mahali palipokuwa na msitu. Aina ya pili ni uyoga wa kichuguu. Shina lake huendelea ardhini kama mzizi mrefu mpaka ndani kwenye makao ya mchwa, na mchwa wenyewe ndio wanaoulima kwa ajili ya chakula chao. Huu wa pili una nyama, unatafunika, na mtu akikuletea zawadi basi anakupenda. Jirani zetu wa Zambia wana aina yake moja ambayo kofia hukaribia mita moja kwa upana.

Kama uko mjini na msimu umepita, uyoga wa kulimwa ule wanaouita mamama hupikwa kwa njia hii hii. Ni laini zaidi na hauna mchanga, ila ladha yake ni ya upole.

Sasa yale ya hatari, na nakuomba usiyaruke. Kuna uyoga unaoua, na sumu ya ule mbaya kuliko wote haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kumwaga maji. Wengi wa jamii hiyo wana pete shingoni na kikombe au mfuko chini ya shina, uliofichwa udongoni. Lakini katika miombo wapo pia wanaoliwa wenye umbo hilo hilo, ndiyo maana macho ya mgeni hayatoshi. Usiamini hadithi kwamba sarafu ya fedha au kitunguu saumu kikiwekwa sufuriani kitabadilika rangi kikikutana na sumu. Si kweli. Usiamini pia kwamba ulioliwa na wadudu ni salama kwa mtu. Si kweli vilevile. Konokono hula kinachomuua binadamu na akaendelea na safari yake.

Sumu hiyo haikimbilii kuonekana. Mtu hula usiku, akalala vizuri, tumbo likaanza saa 6 hadi 12 baadaye, pengine zaidi: kutapika na kuharisha kwingi. Kisha hutulia kama siku moja na watu wakashukuru Mungu, kumbe ini ndilo linaharibika. Kwa hiyo, yeyote aliyekula uyoga akaanza kutapika, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na mabaki ya uyoga kwenye mfuko wa karatasi, na wote waliokula naye waende hata kama hawajisikii chochote. Maziwa na maji ya majivu si dawa yake.

Mahitaji, kwa watu wanne au watano

- Uyoga mbichi, nusu kilo mpaka robo tatu. Usiogope wingi, utanywea zaidi ya nusu.
- Karanga mbichi zilizomenywa, kikombe kimoja (kama gramu 150).
- Kitunguu maji kimoja kikubwa.
- Nyanya mbili zilizoiva. Tatu ni nyingi.
- Mafuta ya alizeti, vijiko viwili vya chakula.
- Chumvi.
- Maji ya moto kikombe kimoja na nusu, ya kuchanganyia karanga. Hayo ndiyo maji pekee utakayoongeza.
- Pilipili na limao kwa anayependa, vya kuweka mezani.

Vyombo: beseni mbili, ungo, sufuria yenye mfuniko unaokaa vizuri, mwiko, na kinu. Kama huna kinu, mashine ya kusagia ya jikoni inafaa, ila isage kwa vipindi. Ukiiacha izunguke tu, karanga zitageuka siagi.

Orodha yangu haina bizari, tangawizi, kitunguu saumu wala vile viungo vya paketi. Sijavisahau. Uyoga wa pori una harufu ya msitu baada ya mvua, na viungo hivyo vyote kazi yake ni kuifunika. Pika mara ya kwanza hivi hivi, uujue. Mara ya pili ukitaka bizari, ni jiko lako.

Karanga nazo zichague moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu, au yenye weusi ndani, tupa. Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, nayo haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, ilikuwa katika mahindi, na karanga hushambuliwa nayo vilevile.

Hatua

1. Mwaga uyoga kwenye ungo ukiwa mkavu, mahali penye mwanga, na uchague kabla maji hayajaugusa. Toa uliolegea na kutoa ute, uliobadilika kuwa mweusi, wenye funza, na wowote usiofanana na wenzake. Huo usiofanana usijadiliane nao, tupa. Ukinunua aina mbili, zipike siku mbili tofauti au sufuria mbili tofauti. Haziivi kwa muda mmoja, na likitokea tatizo utajua limetoka wapi.

2. Kata ncha ya chini ya shina, ile yenye udongo, na utupe. Kwangua shina kwa kisu kama unavyokwangua karoti. Hatua hii peke yake hupunguza nusu ya mchanga, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa kudhani maji yatafanya kazi yote.

3. Osha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mchanga ndio unaowakatisha watu tamaa. Udongo wetu ni wa kichanga, mvua hurusha chembe zake mpaka chini ya kofia na huko hujificha. Jaza beseni maji, weka kijiko cha chakula cha chumvi, tia uyoga na uuache dakika tano tu. Vidudu vidogo vitatoka vyenyewe. Kisha uuchezeshe kwa vidole, kofia ikitazama chini, polepole. Halafu, na hili ndilo la kushika, *inua uyoga kwa mikono miwili utoke majini, uuweke beseni la pili*. Usimimine maji huku uyoga ukiwa ndani, maana mchanga uliokwisha tua chini utapanda tena juu ya uyoga. Tazama beseni la kwanza: maji yana rangi ya chai, na ukiyaacha kidogo utaona chini kumetanda mchanga laini kama unga. Rudia kwa maji masafi bila chumvi. Kwa kawaida mara tatu hutosha. Ukipitisha kidole chini ya beseni na hakikwaruzi, umemaliza. Usiuache uyoga uloweke nusu saa, utanyonya maji na kuwa kama sponji.

4. Uweke kwenye ungo au chujio uchuruzike. Mkubwa uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake, vipande vya upana wa kidole. Mdogo uache mzima. Kuchana ni bora kuliko kukata kwa kisu, kingo zisizo sawa hushika rojo ya karanga.

5. Kaanga karanga huku uyoga unachuruzika. Moto mdogo, kikaango kikavu, koroga bila kuacha, mpaka ganda liachie na harufu ipande. Zikibadilika kidogo tu kuwa rangi ya mchanga, ondoa. Zikiwa kahawia, mchuzi utakuwa mchungu. Zikipoa, sugua kwa viganja, pepeta maganda kwenye ungo, kisha twanga mpaka ziwe unga wenye mafuta, unaoshikana ukiufinya. Wapo wanaotumia karanga mbichi bila kukaanga, na ni mapishi halali ya siku nyingi, lakini hutaka kuchemka muda mrefu zaidi. Kwa anayeanza, kaanga.

6. Sasa weka uyoga kwenye sufuria kavu. Hakuna mafuta wala maji, ila chumvi robo kijiko cha chai. Funika, moto wa wastani. Utaona sufuria kavu na utaingiwa na hofu utataka kuongeza maji. Usiongeze. Baada ya dakika tatu au nne uyoga utaanza kutoa maji yake, na baada ya dakika nane utakuwa unaogelea ndani yake. Uache uchemke hivyo, umefunikwa, dakika 15 kwa uyoga mdogo, dakika 20 mpaka 25 kwa ule wa kichuguu. Uyoga wa pori hauliwi nusu mbichi hata siku moja. Hata ule ulio salama huweza kusumbua tumbo usipoiva.

   Kama muuzaji alikuambia uchemshwe kwanza, kwa sababu ni mchungu au unawasha ulimi, fanya hivi badala yake: chemsha kwa maji mengi dakika 15, mwaga maji, suuza, halafu endelea na hatua ya 7. Nasisitiza tena kwamba kumwaga maji huondoa uchungu, hakuondoi ile sumu ya kuua.

7. Fungua mfuniko, ongeza moto kidogo, acha maji yapungue mpaka yabaki kama robo kikombe chini ya sufuria. Hayo ni mazito na ya rangi ya kahawia, yaonje kwa kijiko. Ndiyo utamu wote wa uyoga umekusanyika hapo. Sukuma uyoga pembeni, mimina mafuta katikati, tia kitunguu ulichokikata vyembamba. Kikilainika na kuanza kung'aa, changanya vyote na ukaange dakika tano, mpaka uyoga uwe na kingo zilizokauka kidogo.

8. Weka nyanya zilizokatwa ndogo ndogo. Koroga, funika, ziache zipondeke kabisa zisionekane tena. Nyanya mbichi ndani ya karanga huleta uchachu usio na mahali pake.

9. Changanya unga wa karanga na maji ya moto kwenye bakuli, kidogo kidogo, mpaka upate uji laini usio na madonge. Punguza moto uwe mdogo kabisa; kama ni jiko la mkaa, toa mkaa nusu. Mimina uji huo sufuriani huku unakoroga. Kuanzia hapa usiende mbali. Karanga hushika chini ya sufuria mara tu unapogeuka kuzungumza na mgeni. Koroga kila dakika, ukifikia chini kwa mwiko, kwa dakika 15 mpaka 20. Mwanzo utaona mchuzi ni mweupe na una harufu ya unga. Polepole utageuka rangi, utakuwa mzito, utapiga viputo vizito vinavyopasuka kwa sauti ya *pwa, pwa*, na mwisho utaona vidoa vya mafuta vinaelea juu. Mafuta hayo ndiyo ishara. Kabla hayajatokea, bado haujaiva, hata saa ikisema nini.

10. Onja, ndipo uongeze chumvi. Mchuzi unaopungua hujikoleza, aliyeweka chumvi yote mwanzoni hana pa kurudia. Epua, funika, acha dakika kumi, songa ugali wakati huo.

Ugali wa mahindi wa sembe au dona unafaa, wa muhogo pia. Ila nikuambie ninachokipenda mimi: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, yakichemshwa na kutiwa ya moto ndani ya mchuzi huu. Utamu wa kiazi kitamu na chumvi ya uyoga vinaelewana kama ndugu.

Unakupa nini mwilini

Kwa ufupi, maana watu huulizana kama uyoga ni nyama. Uyoga mbichi karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji, na katika gramu 100 kuna protini gramu 2 hadi 3 tu. Ukikaushwa, protini hupanda mpaka gramu 15 hadi 30 kwa kila gramu 100, kutegemea aina. Kwa hiyo uyoga peke yake haulingani na nyama, lakini karanga zina protini kama gramu 25 katika gramu 100, na hapo sahani nzima inakuwa chakula cha kushiba kweli. Mafuta ni ya karanga. Uyoga wenyewe hauna mafuta ya kuhesabika. Una vitamini za kundi B, hasa B2 na B3, una nyuzinyuzi, na una potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kwanza.

Jambo moja zuri: uyoga ukipigwa na jua hutengeneza vitamini D, kama ngozi yetu inavyofanya. Ukiuanika saa moja au mbili kabla ya kupika, upande wa chini wa kofia ukitazama juu, umeuongezea kitu. Vitamini hiyo huhitaji mafuta ili mwili uipokee, na karanga zinayo.

Anayekula aina fulani kwa mara ya kwanza ale kidogo, vijiko vitatu au vinne, asubiri mpaka kesho. Miili haifanani. Watoto wadogo wape kiasi, na utafune wa kichuguu vizuri, kwa sababu ukuta wa uyoga umejengwa kwa kitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la mdudu, na matumbo hukisaga kwa shida.

Kukausha, na matumizi mengine

Uyoga hauna subira. Niliwahi kununua ndoo jioni, nikaifunika na mfuniko wake nikalala, nikisema nitapika asubuhi. Asubuhi nilifungua nikakutana na ute na harufu ya samaki aliyechina. Ndoo nzima nikaifukia. Ununue leo, upike leo. Ukishindwa, utandaze kwenye ungo au kikapu, usiuoshe, upate hewa usiku kucha.

Wa kuweka akiba ukaushe. Kwangua udongo, pangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kuosha, chana vipande vyembamba, anika juu ya ungo au chandarua safi kilichoinuliwa kutoka ardhini. Jua kali la siku mbili tatu hutosha, ila masika jua ni la kuvizia, kwa hiyo mvua ikitishia ingiza ndani, weka juu ya jiko linalopoa. Umekauka pale unapokatika kwa sauti, *ka!*, siyo unapopindika. Kilo kumi za mbichi zitakupa kama kilo moja. Hifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri na ukichungulie kila wiki mbili, wadudu wanaupenda kama sisi.

Ukitaka kuupika, loweka kiganja kimoja kikubwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 40. Yale maji usiyamwage. Yaache yatue, mimina ya juu polepole kwenye mchuzi badala ya maji ya karanga, na acha kijiko cha mwisho chenye mchanga. Kisha anza hatua ya 6, ukiongeza nusu kikombe cha maji hayo kwa sababu mkavu hauna yake.

Uyoga mkavu uliotwangwa kuwa unga ni kiungo kikubwa kuliko watu wanavyojua. Kijiko kimoja kwenye maharage, kwenye kisamvu au kwenye mchuzi wa dagaa huleta kile kina cha ladha ambacho watu hukitafuta kwenye vile viungo vya paketi. Ukipata mawese mazuri kutoka Kigoma, kaanga uyoga kwa hayo badala ya alizeti, uache karanga, uongeze pilipili. Huo ni upishi mwingine kabisa na unakwenda vizuri na wali. Uyoga uliobaki, mchuzi ukiwa mzito, hufaa kuwekwa ndani ya chapati ya moto asubuhi.

Mambo yakienda kombo

*Kuna mchanga na chakula kimeshaiva.* Acha kitulie dakika kumi bila kukoroga, kisha chota kutoka juu, uache vidole viwili vya chini. Hakuna ujanja mwingine. Kesho rudi hatua ya 2 na ya 3.

*Uyoga ni mgumu kama raba.* Haukuchemka vya kutosha katika maji yake, au uliutia kwenye mafuta ya moto ungali mbichi. Ongeza maji ya moto nusu kikombe, funika, moto mdogo dakika 15. Hautavurugika kama mboga za majani, uyoga huvumilia moto mrefu.

*Mchuzi una madonge ya karanga.* Ulimimina unga mkavu sufuriani, au maji ya kuchanganyia yalikuwa baridi. Toa madonge kwa kijiko, yapondeponde kwenye bakuli na mchuzi kidogo wa moto, yarudishe.

*Una harufu ya karanga mbichi.* Haujaiva. Endelea na moto mdogo mpaka uone mafuta juu.

*Umeshika chini.* Usikwangue, na usikoroge tena hata mara moja. Hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine mara moja, onja. Kama harufu ya kuungua haijapanda, umepona. Ikiwa imepanda, sukari na limao havitaiondoa, usihangaike.

*Ni mchungu.* Onja karanga zako zilizobaki kinuni. Zikiwa chungu, uliziunguza au zilikuwa za zamani. Zikiwa tamu, basi uyoga ulikuwa wa aina ya kuchemshwa kwanza. Ukikutana na uchungu ambao muuzaji hakukutajia, acha kula. Usijaribu kuufunika kwa nyanya.

*Mchuzi ni mwepesi, unakimbia ugali.* Fungua mfuniko, moto wa wastani, koroga dakika kumi. Usiongeze unga wa ngano wala wa mahindi.

*Umebaki.* Ukipoa weka kwenye friji, ule kesho, ukiuchemsha tena mpaka upige viputo. Huna friji, pika unaotosha usiku huo tu. Asubuhi mchuzi utakuwa umeganda kwa sababu ya karanga. Ongeza maji ya moto vijiko vitatu kabla ya kuubandika, la sivyo utashika chini.